Kompyuta ya Kurushia Ndege: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Vifaa kwa Aliye Mwanza

Mchezo wa mpira wa kwenye kompyuta ukikwama nusu sekunde unasonya kidogo na kuendelea. Simuleta ya ndege, yaani programu ya kurusha ndege kwenye kompyuta, ikikwama nusu sekunde ukiwa futi 30 juu ya njia ya kutua, umeshagonga. Mashine inayocheza mpira na magari bila shida inaweza kushindwa kabisa kutua Nairobi, na kuongeza kadi kubwa ya grafiksi mara nyingi hakuponyi ugonjwa huo. Kamba hukatikia pembamba: kazi yako ni kujua pembamba pako ni wapi kabla hujatoa hela. Kwa mtu wa Mwanza, mara nyingi pembamba pa kwanza ni soketi ya ukutani na bando, kisha prosesa, na kadi inafuata nyuma.

Anza na safari, si na duka

Andika kwenye karatasi mambo mawili: simuleta utakayotumia, na uwanja mzito kuliko yote utakaotaka kutua.

Kuruka na ndege ndogo ya Cessna Caravan kutoka Mwanza (HTMW) kwenda Bukoba (HTBU) ni safari isiyofika maili 100 za anga, na karibu yote ni maji. Maji hayana majengo, miti wala magari, kwa hiyo hata mashine ya kawaida inateleza. Ziwa linadanganya. Muuzaji akikuonyesha mashine yake ikiruka juu ya Ukerewe, hajakuonyesha kitu. Mwambie aweke Airbus A320 pale London Heathrow, mawingu yakiwepo na ndege nyingine zikiwa zimepaki. Kama mipango yako ni ndege ndogo kandokando ya ziwa, Musoma, Seronera, Entebbe, utatumia hela kidogo sana kuliko mwenzako anayetaka ndege kubwa na miji mikubwa.

Simuleta zenyewe zinatofautiana sana mahitaji. Microsoft Flight Simulator 2024 inataka RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) ya GB 16 kwa kuanzia, GB 32 ndiyo inayopendekezwa, na intaneti ya Mbps 10 kwa uchache, 50 kwa raha. Diski inaomba GB 50 tu, na hapo ndipo mtego ulipo: vitu vingi haviko kwenye diski yako, vinashushwa unaporuka. Ukiwa na faiba ya nyumbani isiyo na kikomo, hakuna shida. Ukiwa na bando la simu, unachoma GB kadhaa kwa saa moja juu ya mji. Toleo la 2020 linakula diski zaidi, GB 150, lakini lina uwezo wa kushusha eneo mapema na kulihifadhi: unachagua kipande cha ramani usiku wenye intaneti nzuri, kesho unaruka bila kula bando kama kichaa. X-Plane 12 ndiyo rafiki wa mtu wa bando. Unasakinisha mara moja, unachagua maeneo ya dunia unayoyataka, kisha inaruka bila intaneti kabisa. FlightGear ni ya bure, na kwa anayejifunza vipimo vya kwenye dashibodi ya rubani inatosha kabisa.

Umeme kabla ya prosesa

Piga hesabu ya wati kwanza, maana ndiyo itakayokwambia UPS gani ununue, ile betri ya akiba inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika. Mashine ya kati, yenye Ryzen 5 5600 na RTX 3060, inakula hivi ikiwa kazini: kadi wati 170, prosesa kama 70, mazabodi (ubao mkuu unaoshika vifaa vyote), RAM, diski na feni kama 50, monita 30. Jumla ni karibu wati 320.

UPS zinauzwa kwa VA, na VA si wati. Kwa UPS nyingi za dukani zidisha VA kwa 0.6. Ile ya VA 650 inakupa wati 390 hivi: kwa karatasi inatosha, kwa vitendo italia na kuzima betri ikichoka kidogo. Chukua VA 1,000 hadi 1,200. Usitegemee kuendelea kuruka. Betri hizo zinakupa dakika tano hadi kumi za kuhifadhi safari na kuzima kistaarabu. Unaweza pia kubonyeza kusitisha na kusubiri, kwa sababu umeme mara nyingine unarudi ndani ya dakika mbili.

Kuna kasoro moja inayowachanganya wengi. Umeme unakatika, UPS inapiga alamu, inabaki hai, lakini kompyuta inazima papo hapo. Pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya boksi) nzuri za kisasa hazipendi umeme wa ngazi-ngazi unaotolewa na UPS za bei rahisi, hasa zikiwa na mzigo mkubwa. Dawa ni UPS yenye wimbi safi la sine. Kama huwezi kuipata, chukua ya kawaida yenye VA kubwa zaidi, halafu ijaribu ikiwa bado kwenye garantii: washa simuleta, ruka dakika kumi, chomoa UPS ukutani. Ikizima, irudishe.

Gusa boksi la kompyuta kwa nyuma ya kidole, sehemu ya chuma isiyo na rangi. Ukisikia kama sisimizi wanatembea, nyumba haina earth inayofanya kazi. Ndani ya pawa saplai kuna kichujio kinachovujisha umeme kidogo sana kwenda kwenye earth; ikikosa njia, unabaki kwenye boksi na kusubiri kidole chako. Mtu haumii, ila bandari za USB na joistiki zinaweza kufa polepole. Waya wa kijani kuwepo kwenye soketi si ushahidi. Mwite fundi umeme apime, hasa nyumba zilizokaa juu ya miamba, ambako rodi ya earth hugonga jiwe kabla haijafika kwenye udongo wenye unyevu. Na usikate mguu wa tatu wa plagi ili uingie kwenye ekstensheni ya matundu mawili.

Umeme mdogo wa jioni hausumbui pawa saplai nzuri, kwa kuwa inakubali volti 100 hadi 240. Kinachoua ni ule unaorudi kwa kishindo. Gadi ile ile ya friji, inayosubiri dakika chache kabla ya kupitisha umeme, iweke mbele ya UPS. Radi ni habari nyingine. Bonde la Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi duniani, na hakuna kifaa cha dukani kinachozuia radi iliyopiga karibu. Ngurumo zikianza, chomoa plagi, pia chomoa waya wa intaneti, maana mazabodi nyingi huingiliwa kwa njia hiyo.

Na LUKU? Wati 320 kwa saa tatu kila siku ni karibu uniti moja, yaani uniti 29 hivi kwa mwezi. Nyumba iliyo kwenye tarifa ya watumiaji wadogo, yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, inaweza kuvuka kwa ajili ya ndege tu. Zungumza na mwenye nyumba au wenzako wa mita moja mapema, kabla mjadala haujaanza mlangoni.

Prosesa: kiini kimoja chenye mbio

Simuleta ina kazi nyingi, lakini kazi kuu, ya kukokotoa ndege, mifumo yake na kuandaa kila fremu (picha moja kati ya zinazopita kila sekunde), inategemea sana kiini kimoja (core) cha prosesa. Viini vinavyobaki vinasaidia kidogo. Kwa hiyo usihesabu viini. Angalia mbio ya kiini kimoja na ukubwa wa kashe ya L3, kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Simuleta za ndege zinafaidika na kashe kubwa kuliko michezo mingi.

Kwa sababu hiyo kaa mbali na zile mashine za ofisi kubwa zenye prosesa za Xeon, mfano E5-2680 v4, zinazouzwa kwa sifa ya viini 14. Kiini chake kimoja hakivuki GHz 3.3, na ni cha zamani. Ryzen 5 5600 yenye viini sita inaiacha nyuma kwenye kutua.

Kwa bajeti ya kati, Ryzen 5 5600 kwenye soketi ya AM4 (aina ya kiti cha prosesa kwenye mazabodi) ndiyo pendekezo letu, kwa sababu baadaye unaweza kuitoa na kuweka Ryzen 7 5700X3D au 5800X3D yenye kashe ya MB 96 bila kubadili mazabodi wala RAM. Lakini soma jina hadi herufi ya mwisho. 5600 ina kashe ya MB 32. 5600G na 5500 zina MB 16 tu na njia ya kadi ya kizazi cha nyuma. 5700 isiyo na X nayo ina MB 16, wakati 5700X ina 32. Dukani zote zinaitwa "Ryzen mpya". Kwa Intel, i5-12400F inafaa, ila F maana yake haina grafiksi yake: bila kadi, kioo hakiwaki. Ukiuziwa i7 au i9 ya kizazi cha 13 au 14 iliyotumika, uliza BIOS (programu ya ndani ya mazabodi) imesasishwa lini. Intel ilitoa marekebisho ya tatizo la volti mwaka 2024, na prosesa iliyokwisha kuchakaa kabla ya hapo haiponi kwa kusasisha.

Mwenye bajeti kubwa aende Ryzen 7 7800X3D au 9800X3D kwenye AM5. Hapo hakuna mengi ya kujadili.

RAM na kadi

RAM: GB 32, vipande viwili vya GB 16. Kipande kimoja cha 32 kinapunguza upana wa njia nusu, na simuleta inauhisi. Kwa AM4 tafuta DDR4 ya 3200 au 3600, kwa AM5 DDR5 ya 6000. GB 16 inaruka, lakini ukikaribia mji mkubwa mashine inaanza kuazima nafasi kwenye diski na picha inakatakata, tena wakati mbaya kuliko wote, yaani karibu na kutua.

Kwenye kadi, watu wanaangalia jina na kusahau kumbukumbu yake. Ikiwa na GB 8 utarusha, ila kwa ubora wa picha wa kati. Ukijaza, safari inaanza vizuri na baada ya saa moja fremu zinaporomoka hadi chini ya kumi, wakati huohuo joto liko sawa na prosesa haina kazi. Hiyo ni dalili ya kumbukumbu ya kadi kujaa, si ya kadi kuharibika. RTX 3060 ya GB 12 na RX 6700 XT ya GB 12 ndizo kadi za wenye akili kwa bajeti ya kati. Ya kwanza inakula wati 170, ya pili 230, kwa hiyo rudi kwenye hesabu ya UPS. Angalia pia kwamba kuna RTX 3060 ya GB 8: jina lile lile, njia ya kumbukumbu ya biti 128 badala ya 192. RTX 4060 inakula wati 115 tu, jambo zuri kwa UPS, lakini ina GB 8. Ukiweza, RTX 4060 Ti au 5060 Ti ya GB 16 inamaliza wasiwasi huo.

Kwa bei ya chini kuna RX 580. Ile iliyoandikwa 2048SP ni RX 570 iliyobadilishwa jina. Bado inafanya kazi, ila usiilipie bei ya 580. Kadi za P106 za kuchimbia sarafu za kidijitali hazina tundu la monita. Ziache.

Monita ichaguliwe pamoja na kadi. Inchi 24 ya 1080p kwa GB 8. Inchi 27 ya 1440p kwa GB 12 na kuendelea, na namba za vipimo zitasomeka bila kuinama. 4K ni kujitafutia deni. Simuleta ikitoa fremu 30 hadi 40 kwa sekunde zisizoyumba inatosha, kwa hiyo usilipie monita ya Hz 240.

Mengine, kwa haraka

Diski: NVMe (SSD ya kasi) ya TB 1. Diski ya kuzunguka haifai hata kwa kuhifadhi mandhari. Mazabodi: B550 kwa AM4, B650 kwa AM5, yenye nafasi nne za RAM ukipata. Ukinunua B450 ya zamani, hakikisha BIOS inaitambua 5600, la sivyo utawasha na kuona giza.

Pawa saplai ya wati 650 yenye nembo ya 80 Plus, ya kampuni inayojulikana. Epuka ile nyepesi inayokuja bure na boksi. Baadhi ya hizo zina swichi nyekundu ya 115 na 230 kwa nyuma. Ikiwa kwenye 115, ukichomeka hapa kwetu inalipuka kwa mlio mmoja na moshi. Angalia kabla ya kuchomeka.

Boksi liwe la wavu mbele, lenye kichujio kinachotoka bila bisibisi. Mwanza iko karibu mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 12 kuliko pwani. Feni inasukuma hewa pungufu kwa mzunguko uleule, kwa hiyo feni mbili mbele na moja nyuma ndio uchache. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama moshi hufuata mwanga usiku. Boksi lenye kioo cha pembeni na taa za rangi, likiwekwa karibu na dirisha wazi, asubuhi kichujio chake kinakuwa na tabaka la kijivu kama unga. Zima taa hizo.

Joistiki yenye shina linalozunguka, kama Logitech Extreme 3D Pro, inakupa usukani wa mkia bila pedali. Usukani na pedali kamili vinaweza kusubiri, RAM haiwezi.

Kama bajeti ni ndogo kabisa

Chukua mashine ya ofisi iliyotumika, yenye i5-8500 au zaidi, iwe mnara mrefu na si ile nyembamba ya kulaza. Ile nyembamba haipokei kadi ya urefu wa kawaida, na pawa saplai yake ina umbo la peke yake. Hata mnara mara nyingi una pawa saplai ya wati 250 hadi 300 isiyo na waya wa ziada wa kadi. Kwa hiyo tafuta GTX 1650 isiyohitaji waya, inayokula wati 75 kupitia mazabodi. Ongeza RAM hadi GB 16 na SSD. Hapo X-Plane 12 na FlightGear zinaruka vizuri, na Flight Simulator 2020 kwa ubora wa chini ukibaki na ndege ndogo.

Kununua na kusafirisha

Vitu vingi vitatoka Dar es Salaam, Kariakoo, na kufika kwa basi. Ni zaidi ya kilomita 1,100. Mashine iliyounganishwa tayari ikisafiri hivyo na kadi nzito ikiwa ndani, kadi inaning'inia kwenye tundu lake na kila tuta linaipiga. Mwombe muuzaji atoe kadi, na pia kipoza joto kama ni kile kikubwa cha mnara, avifunge peke yake. Wewe utavirudisha kwa dakika ishirini.

Ukinunua kilichotumika ana kwa ana, nenda na flashi yenye GPU-Z, CrystalDiskInfo na H2testw. GPU-Z inakuonyesha kadi ni nini kweli, na ikitilia shaka inaandika kuwa ni bandia. CrystalDiskInfo inaonyesha afya ya diski. H2testw inajaza diski na kuisoma tena; TB 1 ya uongo inaumbuka hapo, ingawa kazi hiyo inachukua muda, basi agiza chai. Kisha endesha kadi kwa mzigo dakika 20. Joto likivuka nyuzi 85, feni zimechoka au pesti ya kupitisha joto imekauka: bei ishuke au uondoke.

Kuunganisha: pale watu wanapokosea

Weka prosesa kwa kufuata alama ya pembetatu. Inadondoka yenyewe mahali pake, haisukumwi. Pesti ya joto kiasi cha punje ya choroko, katikati. RAM mbili ziingie tundu la pili na la nne kuanzia upande wa prosesa. Waya wa pini 24 na ule wa pini 8 wa prosesa, juu kushoto, vyote viwili. Ukisahau wa pili feni zitazunguka na kioo kitabaki cheusi. Monita ichomekwe kwenye kadi, si kwenye mazabodi. Kosa hili la mwisho ndilo linalofanya watu waseme kadi mpya haina nguvu.

Ukishawasha, ingia BIOS na uwashe XMP, au EXPO kwa AM5. Usipofanya hivyo RAM ya 3600 inatembea kwa 2133 hadi 2666 na hela uliyolipia ziada imelala.

Majaribio ya kwanza

Sakinisha Windows, draiva za kadi, kisha simuleta. Chagua ubora wa kati, pakia uwanja mzito ulioandika kwenye karatasi, ukae na ndege kwenye maegesho. Kwenye Microsoft Flight Simulator washa hali ya wasanidi (Developer Mode) na kipima fremu: maandishi yake yatakwambia kinachokwamisha ni kazi kuu ya prosesa au ni kadi. X-Plane nayo inaonyesha muda wa prosesa na wa kadi kwa kila fremu, mmoja kando ya mwingine.

Kikwazo kikiwa prosesa, shusha umbali wa mandhari, idadi ya ndege nyingine na kasi ya kuchora vioo vya dashibodi. Kushusha idadi ya nukta za picha (resolution) hakutaongeza hata fremu moja. Kikwazo kikiwa kadi, shusha mawingu na vivuli kwanza, kisha ukitaka washa DLSS kwenye Microsoft, mbinu ya kadi za RTX ya kuchora picha ndogo na kuikuza. Fahamu tu kwamba namba zinazobadilika kwenye vioo, kama mwinuko, zitaacha mkia wa ukungu. Ukipata 35, zifunge hapo kwenye 30. Fremu 30 zilizotulia ni bora kuliko zinazoruka kati ya 28 na 55.

Kikwazo kisipokuwa prosesa wala kadi, lakini ardhi inabaki kama tope na majengo yanachelewa kuota, hiyo ni intaneti. Jaribu safari ileile alfajiri. Ikinyooka, usinunue kifaa chochote; badilisha bando, au rudi X-Plane.

Kila wiki mbili toa kichujio, kikung'ute nje, kila wiki msimu wa wadudu. Joto la prosesa likipanda nyuzi kumi kuliko lilivyokuwa siku ya kwanza, anza kukagua hapo.